Bomba la Gesi na Dohani Kuukuu

Katika nyumba nyingi za zamani za nyanda za juu za Afrika Mashariki, kama vile zile za Lushoto na Mufindi kwa upande wa Tanzania, au Limuru, Molo na Kericho kwa upande wa Kenya, sebule ina meko ya ukutani: pango la mawe au matofali, na juu yake dohani inayopenya paa. Nyumba hizo zilijengwa enzi za Wajerumani na Waingereza, watu waliozoea kuota moto ndani ya nyumba, na ambao baridi ya Juni na Julai huko milimani iliwakumbusha kwao. Leo hii wanaishi humo walimu, wauguzi, watumishi wa mashamba ya chai na familia zao. Nyingine zimegeuzwa ofisi na nyumba za wageni. Kuni zimekuwa adimu, na mtungi wa gesi umefika hata huko milimani. Si ajabu, basi, kwamba baadhi ya wenye nyumba wamefikia wazo la kutoboa ukuta, kupitisha bomba la gesi hadi ndani ya meko, na kuwasha moto usiohitaji shoka wala kuzoa majivu.

Wazo hilo si baya. Kilicho kibaya ni utaratibu unaofuatwa. Kwa kawaida huitwa fundi bomba. Fundi hupima urefu wa bomba, hutoboa ukuta, huunga viungo, hupaka povu la sabuni kuona kama gesi inavuja, huwasha kiberiti, na moto unapowaka kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Dohani haiangaliwi na mtu yeyote. Ipo, imekuwepo tangu zamani za mababu, na moshi ulikuwa ukipita. Kwa nini gesi isipite? Makala haya yanashikilia kwamba utaratibu huo umepinduliwa juu chini. Dohani ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza, na pale itakapoonekana haifai, bomba lisiingizwe, hata kama limekwisha nunuliwa.

Sababu yenyewe yaweza kuelezwa kwa tarakimu mbili ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzihakiki. Kidhibiti kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi ya kupikia hushusha kanieneo ya gesi hadi kufikia karibu paskali 3,000 kuzidi kanieneo ya hewa ya nje. Ikiunganishwa na mrija wa kioo wenye umbo la U uliotiwa maji, gesi hiyo itasukuma maji hadi tofauti ya vimo viwili ifikie sentimita 30 hivi. Hiyo ndiyo nguvu inayoleta gesi ndani ya meko. Sasa itazamwe nguvu inayotoa mabaki ya mwako nje. Ichukuliwe dohani yenye urefu wa mita 6, na hewa ya nje yenye halijoto ya nyuzi 15 za Selsiasi. Moto mkubwa wa kuni ukiijaza dohani hiyo moshi wenye wastani wa nyuzi 200, tofauti ya densiti kati ya hewa baridi ya nje na moshi wa ndani huzaa mvuto wa paskali 28 hivi. Moto mdogo wa gesi, ambao mabaki yake huchanganyika na hewa nyingi ya chumba kabla ya kupanda, ukiifikisha dohani ile ile kwenye nyuzi 60 tu, mvuto hubaki kama paskali 10. Na dohani inapokuwa ndiyo kwanza inawashwa, ukuta wake ungali baridi na hewa iliyomo ina nyuzi 20, mvuto ni paskali moja na ushei.

Hesabu hizo ni za usawa wa bahari. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika saba. Mvuto nao hupungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Kwa hiyo gesi huingia kwa paskali 3,000, na sumu yake hutoka kwa paskali 10. Upande wa kwanza una nguvu, unasikika ukivuma, na ukivuja hutoa harufu. Upande wa pili ni dhaifu kiasi kwamba upepo unaopiga juu ya paa, au feni ya kutolea moshi jikoni, au mlango uliofungwa kwa nguvu, waweza kuushinda na kuurudisha moshi sebuleni. Fundi hushughulikia upande wenye nguvu kwa sababu ndio anaouona.

Dohani za zamani zilijengwa kwa ajili ya moto wa kuni au wa makaa ya mawe. Hilo si jambo dogo la historia. Ndilo linaloamua kila kitu. Kipenyo chake ni kikubwa, kwa kuwa moshi wa kuni ni mwingi na wa moto sana. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo chake cha Count Rumford, aliandika juu ya meko ya London yaliyokuwa yakijaza moshi vyumbani, akaonyesha kwamba koo la dohani likipunguzwa hadi inchi 4, na mashavu ya meko yakilazwa mshazari, moshi hupanda vizuri na joto hurudi chumbani. Waashi walifuata maarifa yake kwa vizazi vingi. Lakini Rumford alikuwa akishughulika na moto ambao wenyewe huipasha dohani. Moto wa gesi haufanyi hivyo. Ukiwekwa ndani ya dohani pana ya mawe, ni kama mtu mmoja aliyeachwa alipashe joto kanisa zima.

Matokeo ya ubaridi huo ni maji. Watu wengi, na wanafunzi wengi waliokwisha andika mlinganyo wenyewe ubaoni, hawajapata kutafakari kwamba gesi inapoungua huzaa maji mengi kupita uzito wake. Gramu 44 za propeni zikiungua kikamilifu hutoa gramu 72 za maji. Gramu 58 za buteni hutoa gramu 90. Mtungi wa kilo 15, kwa hiyo, una maji ya kilo 23 au 24 yanayosubiri kuzaliwa, yaani ndoo nzima ya lita 20 na mabaki yake. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Katika dohani yenye joto mvuke hupita ukaenda zake angani. Katika dohani baridi hutonesha ukutani, huteremka taratibu, na kukutana na masizi ya kuni na makaa yaliyorundikana kwa miaka hamsini au mia. Masizi yana salfa; salfa na maji huleta asidi; na asidi hula chokaa. Lipu inalainika, viungo vya matofali vinafunguka, na doa la kahawia linajitokeza kwenye ukuta wa chumba cha kulala kilicho upande wa pili. Mwenye nyumba hudhani paa linavuja, akamwita fundi wa mabati.

Dohani nyingi za aina hii hazina bomba la ndani. Hata huko Uingereza, dohani zilizojengwa kabla ya miaka ya 1960 kwa kawaida zilipakwa tu ndani chokaa, mara nyingine ikiwa imechanganywa na samadi ya ng'ombe ili isipasuke. Lipu hiyo ikishabanduka, kinachotenganisha moshi na chumba cha jirani ni unene wa tofali moja na mchanga uliokuwa zamani ukiitwa udongo wa kujengea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga; hapa ufa wenyewe umo ndani ya ukuta na hauonekani.

Yafaa kutaja yaliyotokea Uingereza, kwa kuwa huko ndiko meko ya namna hii yalikotoka, na huko ndiko yalikoingizwa gesi kwa wingi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulilifunika jiji la London, sehemu kubwa ukitoka kwenye meko ya majumbani. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Makadirio ya baadaye yamefikia 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956, na makaa yakaanza kuondolewa majumbani. Hita za gesi ziliwekwa kwenye vinywa vya meko yale yale ya zamani. Kati ya mwaka 1967 na 1977 nchi nzima iliachana na gesi iliyotengenezwa kwa makaa, ambayo ilikuwa na kaboni monoksidi ndani yake, ikaingia katika gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini. Wateja zaidi ya milioni 13 walibadilishiwa vifaa. Gesi mpya haikuwa na sumu ile, na watu wengi waliona kwamba hatari imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Gesi asilia haina kaboni monoksidi inapotoka bombani, lakini huizaa inapoungua bila oksijeni ya kutosha, na gesi ya mitungi huizaa vile vile. Ilibidi Uingereza ijifunze kwa hatua. Tarehe 16 Mei 1968 jiko la gesi lililokuwa limeungwa kwa nati dhaifu lililipua sehemu ya jengo la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point, mashariki mwa London, na watu wanne wakafa. Mwaka 1970 liliundwa shirika la kuorodhesha mafundi wa gesi, na tangu mwaka 2009 kazi hiyo imo mikononi mwa orodha nyingine iitwayo Gas Safe Register. Jambo la kuzingatiwa ni lile linalodaiwa leo kwa fundi aliyeorodheshwa. Haitoshi aunge bomba lisivuje. Anapoweka hita katika meko ya zamani sharti dohani isafishwe, akague njia yake, achome kidonge cha moshi ndani ya meko na kutoka nje kutazama kama moshi unatokea juu ya paa na si mahali pengine. Kisha hufunga milango na madirisha, huwasha feni zote za nyumba, na kushika kijiti cha moshi mdomoni mwa meko: moshi ukirudi chumbani, moto huo hauruhusiwi kuachwa ukiwaka. Nyuma ya hita huachwa nafasi ya kupokelea vifusi, kwa sababu dohani kuukuu haiachi kuangusha vipande vya lipu, masizi na matundu ya ndege.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Densiti yake inakaribiana mno na ile ya hewa, hivyo haitui sakafuni wala haikimbilii darini, bali huchanganyika na hewa anayoivuta mtu aliyelala. Hemoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Sehemu 400 katika milioni moja za hewa zatosha kumletea mtu maumivu ya kichwa katika muda wa saa moja au mbili, na mtu huyo atadhani ni mafua au uchovu wa safari. John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uskoti, aliivuta mwenyewe miaka ya 1890 ili aandike dalili zake, na ndiye aliyependekeza wachimba migodi washuke na ndege wadogo ambao huzimia kabla ya binadamu. Sebule ya Lushoto haina ndege wa namna hiyo.

Aliyekufa kwa meko yaliyoziba si mtu asiyejulikana. Émile Zola, mwandishi wa Ufaransa, alirudi nyumbani kwake Paris mwishoni mwa Septemba 1902 baada ya kukaa shamba majira ya joto. Moto wa makaa uliwashwa katika meko ya chumba cha kulala, dohani ilikuwa imeziba, na asubuhi ya tarehe 29 alikutwa amekufa, mkewe alinusurika. Miaka mingi baadaye yalizuka madai kwamba iliziba kwa makusudi ya adui. Iwe kweli au la, kilichohitajika ni kizibo tu na usiku mmoja.

Kuna tofauti kati ya moto ule wa Zola na wa gesi ambayo huzidisha hatari badala ya kuipunguza. Moto wa kuni una moshi unaochoma macho, na mtu huamka akikohoa. Pafukapo moshi pana moto, husema methali. Waliotunga methali hiyo hawakuwa wameona moto usiofuka. Tena, moto wa kuni hufa wenyewe usipochochewa. Moto wa gesi hauchoki. Utawaka saa kumi mfululizo huku dohani ikirudisha mabaki yake chumbani, mpaka mtungi uishe. Na ile harufu kali inayotiwa kwa makusudi ndani ya gesi ya mitungi ili watu watambue uvujaji huungua pamoja na gesi. Haiwezi kumwonya mtu juu ya mwako mbaya. Mama wa nyumba anayesema, “Hakuna harufu, basi hakuna hatari,” amejifunza nusu tu ya somo, na haifai kumlaumu, kwa sababu nusu hiyo ndiyo pekee aliyofundishwa.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu rangi ya moto. Shuleni hufundishwa kwamba moto wa gesi unaowaka vizuri ni wa buluu, na kwamba njano ni alama ya kaboni isiyoungua kikamilifu. Mafunzo hayo ni sahihi na yameokoa watu wengi. Lakini wafanya biashara wa vifaa vya meko wanajua kwamba hakuna anayetaka kukaa mbele ya moto wa buluu jioni ya baridi. Kwa hiyo vifaa vingi vya mapambo, vyenye magogo ya bandia ya udongo wa kauri, hutengenezwa ili vitoe moto wa njano, laini, unaochezacheza kama wa kuni. Njano hiyo ni uzuri wanaouuza, na uzuri huo hununuliwa kwa kuharibu mwako kidogo kwa makusudi. Mtengenezaji amekwisha hesabu kwamba dohani itauondoa uchafu huo. Dohani isipouondoa, mwenye nyumba hana tena alama ya kumwonya, kwa maana moto wake ulikuwa wa njano tangu siku ya kwanza. Hata kuyasogeza magogo hayo ya bandia ili yapendeze zaidi huweza kuyagusisha na ulimi wa moto, ukapoa ghafula na kuzidisha masizi na sumu. Ni vigumu kuona kwa nini kifaa cha namna hii kiuzwe kwa ajili ya nyumba ambayo dohani yake haijapata kukaguliwa tangu aliyeijenga alipoondoka.

Vifaa hivyo aghalabu hutoka ng'ambo, vingine vikiwa vimetumika. Hapo pana mtego wa pili. Huko vilikotoka huenda vilitengenezwa kwa gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni metheni. Mita moja ya ujazo ya propeni ina nishati inayokaribia mara mbili na nusu ya ile ya metheni. Kitundu kinachopitisha gesi kisipobadilishwa kwa kingine chembamba, na kidhibiti kisiporekebishwa, meko yatapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyokusudiwa, na kaboni monoksidi itakuwa tele. Mwinuko nao una hesabu yake: kanuni za Marekani hupunguza uwezo wa vifaa vya gesi kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000, pindi mahali panapozidi futi 2,000 juu ya bahari. Limuru ipo zaidi ya futi 7,000.

Tanzania ina gesi asilia yake. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zimeunganishwa nayo kwa mabomba. Lakini huko hakuna anayehitaji meko ya kuota. Kinachopanda milimani ni mtungi, na mtungi una propeni na buteni. Metheni ina uzito unaozidi kidogo nusu ya ule wa hewa, hivyo ikivuja hupanda na kutoka. Propeni ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na buteni mara mbili. Zikivuja hutiririka chini kama maji na kujikusanya penye shimo. Meko ya zamani yana shimo la majivu. Nyumba nyingi za milimani zina sakafu za mbao zilizoinuliwa juu ya uwazi ambao hakuna anayeuingia. Propeni ikifikia asilimia 2 tu ya hewa iliyomo humo, cheche moja yatosha. Maelekezo yanayoandikwa kwa ajili ya gesi ya mabomba, kwa hiyo, hayawezi kuhamishiwa kwenye gesi ya mitungi bila kufikiri.

Kuhusu bomba lenyewe maneno machache yatatosha, maana hapo ndipo mafundi wanapojua kazi yao. Mtungi ukae nje, umesimama, mbali na mifereji na madirisha ya chini. Bomba linapopita ndani ya ukuta wa mawe livishwe ala, yaani bomba jingine kubwa kidogo, ambalo huzibwa upande wa ndani na kuachwa wazi upande wa nje, ili gesi ikivuja ielekee uani. Kiungo kisiwekwe katikati ya ukuta. Chokaa, saruji na majivu hula madini, kwa hiyo bomba lisilazwe ndani yake likiwa tupu. Mpira wa jiko haupitishwi ukutani kamwe. Vali ya kufungia iwe nje ya meko, mahali pa kufikika bila kuunguzwa mkono. Uvujaji hutafutwa kwa povu na kwa kipimakanieneo. Anayeutafuta kwa kiberiti hukipata anachokitafuta.

Wapo watakaopinga kwamba maneno haya yanawatisha watu wakati ambapo serikali inawahimiza waache kuni na mkaa. Ni kweli kwamba mkakati wa kitaifa wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo lastahili kuungwa mkono. Ni kweli pia kwamba jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi limeua watu wengi, na kwamba yeyote anayelitoa nje na kupikia gesi amefanya vema. Lakini jiko la gesi la kupikia ni kitu kimoja, na meko ya kuota ni kitu kingine. Jiko huwaka kwa muda mfupi, mpishi yupo macho, na dirisha la jikoni huwa wazi. Meko huwashwa usiku, madirisha yakiwa yamefungwa dhidi ya baridi, na watu husinzia mbele yake. Kilo moja ya propeni huhitaji karibu mita 13 za ujazo za hewa ili iungue. Katika chumba cha mita nne kwa nne ambacho nyufa zake zimezibwa kwa magazeti, hewa hiyo itatoka wapi isipokuwa kupitia dohani yenyewe, ikiteremka kinyume na moshi?

Gharama nayo hutajwa. Kuingiza bitana ya chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani, toka mdomo wa meko hadi juu ya paa, kwaweza kugharimu kuliko bomba na kifaa vikiwekwa pamoja. Njia nyingine ni kuiacha dohani ya zamani kabisa na kufunga hita iliyozibwa kwa kioo, ambayo huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba pacha linalopenya ukuta; hiyo haitegemei hewa ya chumba, na joto lake haliendi kupasha mawingu kama lifanyavyo joto la meko ya wazi. Asiyemudu lolote kati ya hayo asipitishe gesi. Blanketi zito na sweta la sufu ni vifaa vilivyokwisha jaribiwa, na havihitaji dohani.

Kinachokosekana ni mtu wa kuikagua dohani. Mtungi una wakaguzi wake, muuzaji ana leseni, na bomba lina fundi. Dohani ni mali ya mwashi aliyefariki zamani. Pendekezo lenye maana ni kwamba mafunzo ya fundi bomba katika vyuo vya ufundi yajumuishe dohani, na kwamba halmashauri za wilaya za milimani, ambazo zenyewe zinamiliki nyumba nyingi za namna hii, zisiruhusu gesi kuingizwa katika meko ya nyumba zake bila maandishi ya mtu aliyepanda juu ya paa na kuchungulia.

Shule za sekondari nazo zina nafasi yake. Maabara nyingi zina lile sanduku lenye dohani mbili za kioo, mshumaa chini ya moja na karatasi inayofuka moshi juu ya nyingine, ambalo mwalimu hulitumia kufundishia myuko. Mwanafunzi huona moshi ukishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, huandika hitimisho, na sanduku hurudishwa kabatini hadi mwaka unaofuata. Mwalimu aliyeko Lushoto aweza kulitoa tena na kuuliza: dohani moja ikizibwa kwa kiganja, moshi huelekea wapi? Na mshumaa ukiwa mdogo huku dohani ikiwa ndefu na baridi? Baada ya hapo darasa zima laweza kwenda kwenye nyumba ya mwalimu yenye meko. Wakati wa kuota moto, pamoja na madirisha kufungwa, kijiti cha udi hushikwa chini ya kizingiti cha meko, kwanza katikati, kisha pembeni, kwa dakika kadhaa. Moshi wa udi ukivutwa ndani mfululizo, dohani inavuta. Ukisitasita, au ukigeuka na kuja usoni pa aliyeushika, madirisha hufunguliwa na moto huzimwa. Jaribio hilo halichukui nafasi ya ukaguzi wa fundi wala ya king'ora cha kaboni monoksidi, ila laweza kufanywa na mtoto wa miaka kumi na minne mbele ya wazazi wake. Lirudiwe kila mwaka mwezi wa Mei, kabla ya baridi kuanza, kwa kuwa kati ya Septemba na Mei dohani hukaa bila moto, na ndege na nyuki wa milimani hawana habari kwamba humo sasa kunapitishwa gesi.